Feni moja, mbili au tatu? Kadi zangu sita za kuchimbia Ether

Mapema 2021 nilimpigisha seremala fremu ya mbao, nikaisimamisha chumba cha juu, chini ya bati, hapa Mombasa. Kadi sita za picha za kompyuta, zilizopiga hesabu za kuchimba Ether, sarafu ya kidijitali ya mtandao wa Ethereum: mbili RX 480 za blowa (feni moja), zile za umbo la AMD wenyewe, watengenezaji wa chipu, mbili RX 580 za feni mbili, na mbili RX 580 za feni tatu. Zote memori ya GB 8 na chipu za ukoo mmoja, kwa hiyo tofauti kubwa niliyoiona ilikuwa ya upoozaji.

Blowa ndiyo iliyonikosanisha na jirani. Feni yake ni gurudumu dogo lenye mapezi, inanyonya hewa na kuisukuma yote ipite ndani ya gamba la plastiki hadi itokee nyuma, pale unapochomeka waya wa skrini. Ukiweka mkono pale, draya ya saluni hiyo. Kompyuta iliyofungwa inashukuru, maana joto linatolewa nje. Fremu yangu lakini iko wazi pande zote, kwa hiyo faida hiyo sikuiona, nikabaki na kelele tu. Usiku chumba kikiwa nyuzi 31, kadi inasoma 84 huku feni inalia kwa asilimia 90.

Za feni tatu zilikuwa raha. Nyuzi 66, kimya, nikawa nazisifia kwa kila aliyepanda ngazi. Mwezi wa saba feni ya katikati ya kadi moja ikaanza kukwaruza kila ikiwashwa. Beringi zake ni za slivu, mhimili unazunguka ndani ya bomba lenye mafuta, na mafuta yakikauka kwa joto feni inaanza kuyumba. Nilibandua stika, nikatia tone la mafuta ya cherehani. Ilinyamaza wiki tatu. Kununua feni moja haikuwezekana kwa kadi ile, zote tatu zimefungwa kwenye plagi moja, ikabidi niagize seti nzima kutoka China. Wiki tano kadi imelala kitandani kama mgonjwa.

Zile za feni mbili, Sapphire Nitro+, sikuzitilia maanani mpaka siku ya kusafisha. Feni inatoka kwa skrubu moja! Na beringi ni za gololi. Zina mvumo mdogo tangu siku ya kwanza, ila mpaka naziuza mvumo ulikuwa uleule. Joto lilikaa 71 au 72. Vumbi la huku lina unyevu na chumvi, halitoki kwa kupuliza, linagandamana kwenye mapezi ya aluminiamu kama sufi ya mto. Kila mwezi nilipanda nazo darini na brashi ya rangi, na hizi mbili nilizimaliza kabla chai haijapoa. Za blowa ni kufungua gamba lote, skrubu vidogo visivyohesabika, na kimoja lazima kipotee.

Jambo ambalo sikulijua mwanzoni ni nafasi. Kadi ya feni wazi, yaani ya feni mbili au tatu, inamwaga joto pembeni, na ya jirani inalivuta lilelile. Nilipozibana ili fremu itoshe, ya katikati ilifika 80. Nikaziachanisha upana wa kiganja, ikashuka nyuzi 8 bila kugusa programu. Blowa haijali kubanwa kiasi hicho, haki yake nimpe. Volti za chipu nilikuwa nimeshazipunguza ili joto lishuke, maana kuchimba Ether kulitegemea zaidi memori kuliko chipu.

Hapo kwenye memori ndipo rafiki yangu alipoumia. RTX 3080 yake, feni tatu kubwa, chipu inasoma 62, naye anajigamba. Memori ilikuwa 110, kadi inajipunguzia kasi yenyewe. Feni hazikuwa na kosa, pedi za joto, vile vibandiko laini vinavyotoa joto kwenye memori, ndizo zilikuwa hafifu. Alipozibadilisha, mambo yakatulia.

Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaacha kuchimbwa, nikazima. Leo ningenunua tena, ningechukua za feni mbili zenye gololi, na ningemuuliza muuzaji habari za beringi kabla ya bei. Blowa moja nilimuuzia kijana mwenye kompyuta ndogo iliyobanana, mahali pake hasa. Baada ya wiki moja akapiga simu: joto safi kabisa, ila mama yake ameitoa sebuleni.