Boksi la I Love Lucy, msimu wa pili: tulivyolitazama mimi na mama

Mama ana miaka 74, na goti lake la kushoto halimruhusu tena kutembea mbali kuliko geti la mtaa wetu hapa Buruburu, Nairobi. Jioni zake ni runinga. Tamthilia za kutafsiriwa zimemchosha ("zote ni kulia na kupigana makofi," anasema) na taarifa za habari zinampandisha presha. Kwa hivyo mwezi wa nne nilimwagizia DVD za I Love Lucy, vichekesho vya runinga ya Marekani vya miaka ya 1950, msimu wa pili, vipindi 31, kupitia wakala mmoja wa mjini anayekusanya mizigo kutoka Marekani. Boksi pamoja na usafiri vilinigharimu shilingi 5,200. Tumelimaliza lote, na baadhi ya vipindi tumevirudia mara tatu.

Nianze na kero. DVD hugawanywa kwa kanda za dunia: za Marekani hutengenezewa mashine za kanda ya 1, na sisi Kenya tuko kanda ya 5. Wakala hakunitajia, nami sikujua kuuliza. Mashine yetu ilikataa diski ya kwanza, ikakataa na ya pili. Nilizunguka Luthuli Avenue nusu siku ndipo fundi mmoja akanipatia mashine ya mtumba isiyobagua kanda, kwa shilingi 2,000. Ukipanga kununua, weka na hizo pembeni.

Halafu picha ikawaka, nikasahau uchovu wote. Kipindi cha mwaka 1952, cheusi na cheupe, na bado unaona hadi nyuzi za sweta! Siku hizo vipindi vingi vya Marekani vilirushwa moja kwa moja hewani vikaishia hapo. Lucille Ball, anayemwigiza Lucy, na mumewe Desi Arnaz, anayemwigiza Ricky mume wa Lucy, walishikilia chao kinaswe kwa filamu ya milimita 35, kamera tatu zikienda kwa pamoja, mbele ya watu waliokaa studioni. Kicheko unachokisikia ni cha watu hao. Aliyesimamia kamera ni Karl Freund, mmoja wa wawili waliompiga picha nyota wa Hollywood Greta Garbo katika filamu ya Camille ya 1936. Garbo alipangiwa mwanga wake picha moja baada ya nyingine, uso ukae ulivyotakiwa. Kwa Lucy mambo hayo hayakuwezekana, maana kamera tatu zinatazama kutoka pande tatu, na ilibidi chumba kizima kiangazwe sawasawa. Uso wake uko wazi muda wote.

Na ni uso mzuri, tusidanganyane. Kabla ya runinga Lucille Ball alikuwa mwanamitindo, kisha msichana wa kupamba filamu za Hollywood tangu 1933. Kipindi hiki kilipoanza Oktoba 1951 alikuwa na miaka 40, umri ambao warembo wengi wa skrini walikuwa wameshaanza kuwekwa kando. Yeye akauchukua urembo ule akaufanya kifaa cha kazi. Anaweza kuingia amevaa gauni la kung'aa, shingo imenyooka kama twiga, na dakika mbili baadaye macho yamemtoka, mdomo umepinda, nywele zimesimama. Mimi hapo ndipo ninapomwona mrembo zaidi.

Kipindi kinachofungua msimu huu ndicho nitakachowaonyesha wajukuu. Waume na wake wanabadilishana kazi: Lucy na rafiki yake Ethel, aliyeigizwa na Vivian Vance, wanaajiriwa kiwandani kufunga chokoleti zinazopita kwenye mkanda. Mwanzo zinakuja polepole. Kisha mkanda unaongeza mwendo, na wale wawili wanajaza chokoleti midomoni, kwenye kofia, kifuani, mashavu yamefura, na msimamizi anakaribia. Hakuna neno la Kiingereza unalohitaji kulijua ili ucheke. Mama alicheka hadi akaomba maji. Kule nyumbani Ricky naye amemimina mchele sufuriani bila kipimo, umefura, umeinua mfuniko, unamwagika hadi sakafuni. Hapo mama aliacha kucheka. "Mchele wote huo!" Ilimuuma kweli. Kisha akacheka upya kwa nguvu zaidi.

Kipindi kilipokwisha akatamka hukumu yake: "Huyu ni Mama Kayai wa Wazungu." Nimelifikiria neno hilo wiki nzima, na ninakubaliana nalo. Waliokua na Vitimbi, vichekesho vya runinga yetu ya Kenya, wanajua ninachosema. Mary Khavere, aliyemwigiza Mama Kayai, angeweza kukwambia kila kitu kwa jicho moja tu alilomtupia mumewe wa kipindini, Mzee Ojwang', leso ikiwa imekazwa kiunoni, kabla hajafungua kinywa. Hata nusu nyingine ya ndoa inafanana. Ricky akikasirika anakimbilia Kihispania cha kwao Cuba, na sisi tulimpenda Ojwang', marehemu Benson Wanjau aliyetutoka Julai 2015, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kijaluo ilhali yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Boksi kama hili la Vitimbi vya zamani ningelinunua hata kwa bei mara mbili.

Hadithi kubwa ya msimu ni mtoto. Lucille Ball alikuwa mjamzito kweli, na ujauzito ukaingizwa kwenye hadithi, lakini neno lenyewe la Kiingereza halikuruhusiwa kutamkwa hewani. Ikabidi waseme "anatarajia". Niliona ajabu. Mama hakuona. "Kwani sisi tunasemaje mbele ya wakwe?" Kipindi cha kujifungua kilirushwa Januari 19, 1953, siku ileile alipojifungua mwanawe kwa upasuaji. Watu milioni 44 walikitazama, kuliko waliotazama Eisenhower akiapishwa urais kesho yake. Sisi huku runinga ilikuwa bado miaka tisa ije.

Lakini warembo wa Hollywood walikuwa wameshafika. Miezi hiyohiyo Ava Gardner na Grace Kelly walikuwa hapa Kenya wakipiga filamu ya Mogambo. Nimeitazama kwa ajili ya sura zao, na nilichoondoka nacho ni ulimi wa Ava, jinsi anavyorusha maneno na kujibu kabla mwenzake hajamaliza. Grace ni mzuri kama sanamu. Ava ndiye ningependa aketi na mimi mezani.

Kuna yaliyonikera. Katika kipindi hichohicho cha hospitali, Ricky anatokea amejipaka uso kama mganga wa kutisha wa voodoo, alivyovaa kwa onyesho lake klabuni, na watu wanatakiwa wacheke kwa kuogopa. Sikucheka, na mama alinyamaza. Katika vipindi vingine vya mfululizo huu Ricky humlaza mkewe magotini na kumchapa kama mtoto, na watu studioni wanaangua kicheko. Mama alisema polepole kwamba amewajua wanawake waliochapwa, na hakuna aliyekuwa akicheka. Sasa tukifika sehemu kama hiyo ninaipeleka mbele kwa rimoti. Nyimbo za Ricky pia ni ndefu mno kwangu, ingawa mama hutikisa goti lile zima.

Kwa mzee anayekaa nyumbani, vipindi hivi ni saizi yake. Kila kimoja hakifiki nusu saa, hakuna cha kukumbuka tangu jana, na stima ikipotea katikati unaanza tena bila hasara. Juzi nimeagiza msimu wa tatu. Mama ameshaniuliza mara mbili mzigo umefika wapi, na kama yule mtoto ameanza kutembea.