Malipo kwenye tovuti ya biashara ndogo Kenya: njia tano, kuanzia ya kuchagua kwanza

Wauzaji wengi huanza kwa kuuliza ni kampuni gani ya malipo inayokata kidogo. Swali hilo lina nafasi yake, lakini liulizwe la tatu. La kwanza ni: wateja wako wanalipa kwa njia gani hasa, M-Pesa au kadi? La pili: malipo yakikwama katikati, nani atajua, na baada ya muda gani? Makato ya asilimia moja zaidi yanauma kidogo kidogo. Mteja aliyelipa KSh 4,500 na tovuti ikamwambia "oda yako haijalipwa" harudi tena.

Kwa duka la kawaida la mtandaoni Kenya, yaani oda chache hadi mia kadhaa kwa mwezi, wateja wengi wa M-Pesa na wachache wa kadi, mpangilio wetu ni huu:

1. Kampuni ya malipo inayobeba M-Pesa na kadi pamoja: Pesapal, Paystack, Flutterwave au DPO.
2. Kuunganisha moja kwa moja na Daraja, mfumo wa API wa Safaricom (njia ya tovuti kuzungumza na M-Pesa yenyewe), kwa paybill au till yako.
3. Till ya kawaida isiyounganishwa na tovuti, malipo yakithibitishwa kwa mkono.
4. PayPal, kama nyongeza tu kwa wateja wa nje.
5. Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni, kupitia kampuni yako iliyosajiliwa ng'ambo.

1. Kampuni inayobeba M-Pesa na kadi

Imeshika nafasi ya kwanza kwa sababu inakuondolea kazi mbili ngumu: kuandika msimbo wa programu wa kuunganisha M-Pesa na kulinda namba za kadi. Mteja anapelekwa kwenye ukurasa wa kampuni hiyo, analipa huko, kisha anarudishwa kwako. Usikubali fundi wa tovuti akutengenezee fomu ya kujaza namba ya kadi kwenye ukurasa wako mwenyewe. Siku namba hizo zikiibwa, mzigo ni wako.

Kama tovuti iko kwenye WordPress na WooCommerce (sehemu ya duka inayoongezwa kwenye WordPress), Pesapal, Paystack na Flutterwave zote zina programu-jalizi zake, na kuunganisha ni kazi ya siku moja. Kinachochelewa ni kufunguliwa akaunti. Andaa cheti cha usajili wa biashara, PIN ya KRA, kitambulisho cha mwenye biashara na uthibitisho wa akaunti ya benki. Maombi hukwama mara nyingi kwa sababu jina la cheti halifanani na jina la akaunti ya benki: cheti kinasema "Baraka Spices Enterprises", akaunti ni ya jina la mtu binafsi. Rekebisha hilo kwanza. Tovuti nayo iwe na bidhaa zenye bei, namba ya simu, masharti ya kurudisha bidhaa na sera ya faragha, kwa kuwa anayekagua ombi lako ataifungua kabla ya kukupitisha.

Zinatofautiana wapi? Kwa fundi, tofauti ziko kwenye vitu vidogo vinavyoleta makosa makubwa. Paystack hupokea kiasi kwa senti, hivyo KSh 1,500 hutumwa kama 150000. Ukisahau kuzidisha kwa 100, mteja atadaiwa shilingi 15. Flutterwave, kwa toleo la 3 la API yake, hupokea 1500 ilivyo. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine bila kugusa mstari huo ataumia, na akiumia kwa upande wa kuzidisha, mteja ataona deni la KSh 150,000. Pesapal nayo haikuambii moja kwa moja kwamba pesa imeingia: taarifa yake huleta namba ya kufuatilia tu, na seva yako inapaswa kurudi kuuliza hali ya malipo hayo. Tokeni yake, yaani kibali cha muda cha seva yako kuingia kwenye mfumo wao, hudumu dakika tano, kwa hiyo msimbo unaoomba tokeni asubuhi na kuitumia mchana utakataliwa.

Kwa mwenye duka, uliza mambo haya kwa maandishi kabla ya kusaini chochote:

– Pesa inafika benki baada ya siku ngapi za kazi, na mauzo ya Ijumaa jioni yanahesabiwaje?
– Kuna ada ya kuhamisha pesa kwenda benki au kwenye paybill yangu, na kiwango cha chini cha kutoa ni kipi?
– Nikimrudishia mteja pesa, ada ya mwanzo narudishiwa? (Kwa kawaida hapana.)
– Kwenye ujumbe wa M-Pesa, mteja ataona jina la nani?

Hilo la mwisho watu hulipuuza. Kampuni nyingi hutumia paybill yao ya pamoja, kwa hiyo mteja aliyenunua kikoi kwako anaona amemlipa mtu asiyemjua. Wengine huogopa na kughairi papo hapo. Weka sentensi moja juu ya kitufe cha kulipa: "Utaona jina la kampuni fulani kwenye simu yako, ndiyo inayotupokelea malipo." Sentensi hiyo ni bure na inaokoa oda.

Hakikisha pia kampuni unayoichagua imo kwenye orodha ya watoa huduma za malipo walioidhinishwa na Benki Kuu ya Kenya. Pesa yako itakaa mikononi mwao kwa siku kadhaa. Usimwachie asiye na kibali.

2. Daraja moja kwa moja

Hapa ndipo penye makato madogo. Till ya Lipa na M-Pesa hukata mfanyabiashara 0.55%, na malipo madogo ya hadi KSh 200 hayakatwi. Chukua duka lenye oda 150 kwa mwezi za KSh 2,000 kila moja, jumla KSh 300,000. Kwa till ni KSh 11 kwa oda, yaani KSh 1,650 kwa mwezi. Kwa kampuni inayokata, tuseme, 3%, ni KSh 60 kwa oda, yaani KSh 9,000. Tofauti ni KSh 7,350 kila mwezi. Ikiwa fundi wako anakutoza zaidi ya hapo kwa kurekebisha mfumo kila mara unapokwama, hujaokoa kitu. Kwa oda 30 kwa mwezi, tofauti hiyo ni KSh 1,470, na Daraja haina maana kwako bado.

Paybill ina mpangilio wake wa ada: mteja alipe, biashara ilipe, au mgawane (huo huitwa Mgao). Kwa tovuti, chagua biashara ilipe. Mteja aliyeona bei ya KSh 999 hapendi kukatwa juu yake.

Ndani ya Daraja, kinachotumika ni STK: kile kisanduku kinachochomoza kwenye simu ya mteja kikimtaka aweke PIN. Mambo yanayokwamisha karibu kila mtu ni haya.

Namba ya simu lazima ianze na 254. Mteja ataandika 0722, +254722 au 722, na wengine wana 01. Msimbo wako ndio unaopaswa kuzisafisha, usimlaumu mteja.

Kiasi kiwe namba nzima, bila senti. Ukiweka punguzo la 15% kwenye bidhaa ya KSh 1,250 unapata 1,062.50, na ombi litakataliwa. Ifanye namba nzima kwanza.

Kumbukumbu ya akaunti, yaani alama ya oda inayotumwa pamoja na ombi, haizidi herufi 12. Namba ya oda kama "DUKA-2025-000117" ina herufi 16. Fupisha.

Nenosiri la ombi hutengenezwa kwa namba ya biashara, ufunguo wa siri na muda. Muda huo lazima uwe uleule ulioandikwa kwenye ombi, tarakimu kwa tarakimu. Mafundi wengi huita saa ya seva mara mbili. Sekunde moja ikipita katikati, jibu linakuwa "Wrong credentials", na mtu anapoteza siku nzima akikagua funguo ambazo hazina kosa lolote.

Kwa wenye till kuna mtego wa pekee. Namba iliyobandikwa ukutani sio unayoweka kila mahali. Namba ya duka, ile inayotambulisha biashara kwenye mfumo, huingia kwenye nafasi ya namba ya biashara. Till huingia kwenye nafasi ya mpokeaji, na aina ya muamala iwe ya Buy Goods. Ukizichanganya, majaribio yatapita vizuri kwenye mazingira ya mazoezi (yanayotumia namba ya majaribio 174379) na yatagoma siku ya kufungua duka.

Halafu kuna majibu. Mteja akishaweka PIN, Safaricom hutuma matokeo kwenye anwani ya seva yako. Anwani iwe ya HTTPS, cheti chake cha usalama kisiwe kimeisha muda, na isifungwe na ukuta wa usalama wa kampuni inayohifadhi tovuti. Programu-jalizi ya "tovuti inajengwa" nayo huzuia majibu haya kimyakimya, hata kama wewe unaiona tovuti vizuri kwa sababu umeingia kama msimamizi. Usitegemee kwamba jibu lililopotea litatumwa tena. Weka kazi ya seva inayouliza hali ya kila ombi ambalo halijajibiwa baada ya sekunde 90.

Namba za matokeo za kuzijua kwa kichwa: 0 imelipwa, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati, 2001 PIN si sahihi, 1001 simu ina muamala mwingine unaoendelea. Kila moja inahitaji ujumbe wake kwenye ukurasa. "Malipo yameshindikana" peke yake humfanya mteja abonyeze tena, na hapo ndipo malipo mawili ya oda moja yanapozaliwa. Kwa 1037, mwambie awashe skrini ya simu na ajaribu baada ya dakika moja. Kwa 1, mwambie ukweli: salio halitoshi.

3. Till bila kuunganisha

Kwa oda chini ya kumi kwa siku, hii haina aibu yoyote. Ukurasa wa malipo unaonyesha namba ya till na jina litakalotokea, mteja analipa, anaandika msimbo wa muamala, nawe unalinganisha na taarifa yako.

Linganisha na taarifa yako mwenyewe, kamwe usilinganishe na picha ya ujumbe aliyokutumia mteja. Ujumbe wa M-Pesa hughushiwa kwa dakika mbili. Na msimbo mmoja utumike kwa oda moja tu. Weka safu kwenye daftari au jedwali lako inayokataa msimbo uliokwisha kutumika. Udhaifu wake mwingine ni usiku: oda ya saa nne usiku inasubiri hadi uamke.

4. PayPal

Inafaa ikiwa unauza vinyago, kahawa au kazi za kidijitali kwa watu wa Ulaya na Marekani, ambao wanaiamini kuliko fomu ya kadi ya duka wasilolijua. Akaunti ya Kenya inapokea pesa, na unaweza kuitoa kupitia M-Pesa au benki ya Equity. Tatizo ni kwamba PayPal haitumii shilingi ya Kenya. WooCommerce iliyowekwa kwa shilingi ya Kenya (KES) haitakuonyesha PayPal hadi uwe na bei za dola, na kubadilisha dola kuwa shilingi kunakukata mara nyingine juu ya ada ya muamala. Fanya hesabu kwa shilingi zinazofika mfukoni.

5. Stripe

Stripe haifungui akaunti za biashara za Kenya. Wapo wanaosajili kampuni Marekani ili kuipata, kisha wanabeba kodi na makaratasi ya nchi mbili huku mteja wa Kisumu akiwa bado hawezi kulipa kwa M-Pesa. Kama ni jina unalotaka, Paystack ni mali ya Stripe tangu ununuzi uliotangazwa mwaka 2020.

Ukiuza Tanzania

Mpangilio hubadilika. Daraja ni ya Safaricom Kenya. M-Pesa ya Tanzania ni ya Vodacom na ina mfumo wake. Wateja pia wametawanyika kati ya M-Pesa, Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa), Airtel Money na HaloPesa, kwa hiyo ukiunganisha mtandao mmoja umewafungia mlango wengine. Kampuni inayokusanya mitandao yote, kama Selcom, AzamPay, ClickPesa au Pesapal, ni chaguo la kwanza bila ubishi. Kibali cha kukagua ni cha Benki Kuu ya Tanzania.

Majaribio kabla ya kufungua

Weka bidhaa ya KSh 10 na utumie simu halisi, pesa halisi. Nunua na ulipe. Nunua na ughairi. Weka PIN mbaya mara moja. Nunua kwa laini isiyo na salio. Zima simu, kisha bonyeza "Lipa". Bonyeza "Lipa" mara mbili haraka. Mwisho, na hili ndilo linaloangusha tovuti nyingi: lipa, kisha funga kivinjari kabla hakijakurudisha dukani. Oda ikibaki "haijalipwa" wakati pesa imeingia, tovuti yako inathibitisha malipo kwa mteja kurudi kwenye ukurasa, badala ya kwa taarifa inayokuja seva kwa seva. Usifungue duka hadi fundi alirekebishe hilo.