Katambuga juu ya mawe yaliyolowa

Jozi hii ya katambuga niliinunua mwanzoni mwa Machi kwa shilingi 12,000, kutoka kwa fundi mmoja mzee anayekaa kibarazani pembezoni mwa Makoroboi, hapa Mwanza, nikaivaa wiki tano mfululizo kwenda kazini na sokoni bila kuona sababu ya kuiandika. Sababu ilipatikana Jumamosi moja ya Aprili, masika yakiwa yamekolea, tulipoamua marafiki wanne kutembea kutwa nzima kutoka Capri Point, kupitia katikati ya jiji, kupanda kilima cha Robert Koch hadi kwenye lile jumba kuukuu la Wajerumani ambalo sisi tangu utotoni tunaliita ngome, kisha kwenda Isamilo na kuteremkia Kirumba. Mmoja wetu alivaa raba, mwingine mabuti ya mvua yanayofika chini ya goti, na wa tatu, kwa ubishi tu, alivaa yeboyebo. Mimi nilikuwa na tairi la gari miguuni.

Katambuga kila mtu anaijua, lakini wengi hatujawahi kuichunguza. Nilipoagiza, mzee hakuniuliza rangi wala mtindo; aliniuliza kama nataka tairi la waya au la nailoni. Tairi la waya, alinieleza, huua makali ya kisu chake na baadaye humchoma mteja, kwa sababu kadiri mpira unavyolika nyuzi za chuma hujitokeza pembeni mwa soli. Nikachagua nailoni. Kisha alinionyesha vipande viwili, kimoja kikiwa kipara na kingine kikiwa bado na kashata, yaani yale matuta yanayoshika barabara, akasema kipara ni chepesi na watu wa mjini hukipenda. Nilichukua chenye kashata, na huo ndio uamuzi ulioniokoa mwezi mmoja baadaye. Mikanda yake aliikata kutoka kwenye tabaka laini la ndani ya tairi, akaipitisha kwenye matundu ya ubavuni na kuifunga kwa misumari midogo. Wa nyuma, unaozunguka kisigino, haukuwemo kwenye bei. Niliuongezea shilingi 1,500, na ninamshauri yeyote anayefikiria kwenda mbali zaidi ya dukani asiubanie.

Tulitoka saa moja na nusu asubuhi mvua ikinyesha. Mvua ya Mwanza ina desturi yake: usiku upepo wa nchi kavu huelekea ziwani, hukutana juu ya maji yenye joto na kuinua mawingu ya radi, ndiyo maana mara nyingi ngurumo hutuamsha kabla ya jogoo. Tulikuwa tumepanga kusubiri hadi radi ipite, na tulisubiri, kwa kuwa kilele cha jiwe tupu si mahali pa kusimama wakati umeme unatafuta pa kushukia. Kwenye lami, kutoka Capri Point hadi karibu na Jiwe la Bismarck, sina la kulalamikia. Maji yaliingia na kutoka, na wakati mwenye raba alikuwa tayari anakamua soksi, miguu yangu ilikuwa imelowa tu. Ukakamavu wa soli unahitaji kuzoewa, kwa sababu kipande cha tairi hakisahau kwamba kiliwahi kuwa duara: ncha hubaki imeinuka, na kila hatua mguu hubingirika kidogo kwenda mbele. Siku tatu za kwanza nilichoka misuli ya miguu. Baada ya hapo nilianza kuona kwamba ule mbingiriko unanisaidia kwenye mwinuko.

Kilima cha Robert Koch si kirefu, na mtu mwenye haraka hukimaliza kabla simu haijapoteza chaji hata kidogo, lakini wakati wa mvua hukupa kila aina ya sakafu. Njia hupita kati ya nyumba zilizoegemezwa kwenye mawe makubwa, na maji hushuka kwenye vichochoro kana kwamba ndiyo yenye njia. Juu ya mawe matupu, yale yenye chembe ngumu zinazokwaruza kiganja, katambuga zilishika kwa namna ambayo sikuitegemea. Nilisimama kwenye mwinamo ambao mwenye mabuti ya mvua alilazimika kuupanda kwa mikono. Mpira uliotengenezwa kubeba gari kwenye barabara yenye maji hauna jambo geni la kujifunza hapo. Pale jiwe lilipofunikwa na utando wa kijani, hasa chini ya miembe ambako jua halifiki, mambo yalibadilika ghafla. Kashata haikusaidia chochote, na niliteleza hatua mbili nzima hadi nikashikwa begani na rafiki yangu wa yeboyebo, ambaye tangu hapo hajaacha kunikumbusha.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, halikuwa chini ya soli bali juu yake. Upande unaokanyagwa ni mpira mtupu, na ukilowa huwa kama sabuni: katambuga imeshika jiwe barabara, lakini mguu wenyewe unasafiri ndani ya mikanda kuelekea mbele. Wakati wa kushuka vidole vilikuwa vikichungulia nje ya soli. Nilipomweleza fundi baadaye alicheka, akasema wachungaji humpelekea awakwaruzie sehemu hiyo kwa msasa au awachoree mistari kwa kisu. Nilitamani angeniambia Machi.

Juu kabisa mvua ilikatika kwa muda wa kama nusu saa. Jumba limekaa mahali pa mtu aliyetaka kuona kila chombo kinachoingia ghubani, na kwa hiyo neno letu la utotoni halikukosea sana, ingawa ngome ya kweli ingehitaji kuta za kuzunguka. Mzee mmoja aliyekuwa amejikinga chini ya paa alitusalimu kwa Kisukuma, tukamwitikia mwangaluka na kumpa shikamoo juu yake, naye akatueleza kwamba Koch mwenyewe alilala humo. Sikumbishia mtu mzima, ila kinachojulikana ni kwamba daktari huyo wa Kijerumani alifanya utafiti wake wa malale mwaka 1906 na 1907 kwenye visiwa vya Sese, upande wa Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili. Wajerumani hawakukaa muda mrefu baada ya hapo: Julai 1916 Waingereza waliuteka mji. Tulikula mihogo ya kuchemsha tukitazama ziwa likiwa na rangi ya bati, huku pimbi wawili wakitutazama sisi.

Sehemu ya Isamilo nitaipita haraka. Wengine husimulia kwamba ni huku mpelelezi Mwingereza Speke aliliona ziwa mnamo Agosti 1858, na Agosti ni kiangazi, kwa hiyo hakukutana na tope tulilokutana nalo sisi. Katambuga na udongo mwekundu uliolowa hazipatani. Tope hujaza kashata, soli inakuwa sahani, kila mguu unaongezeka nusu kilo, na kokoto ndogo huingia kati ya unyayo na mpira bila kutafuta njia ya kutoka. Hapa mabuti ya mvua yalishinda bila mjadala, ingawa mwenyewe alifika Kirumba na lengelenge kila kisigino. Faida yangu ilikuwa moja: palipokuwa na dimbwi nilizamisha miguu, nikaitikisa, nikaendelea.

Kirumba tulikula ugali na sato karibu na mwalo, ambako wachuuzi wa dagaa walikuwa wamefunika mizigo yao kwa maturubai na kulitazama anga kwa chuki, maana dagaa asiyepata jua huharibika. Hapo ndipo nilipogundua kwamba msumari mmoja wa mkanda wa mbele, mguu wa kulia, ulikuwa umelegea na kichwa chake kimeanza kukwaruza kidole. Baada ya karibu saa nane njiani sikuuona kuwa aibu kwa kiatu cha shilingi 13,500, lakini mtu atakayekwenda mbali zaidi abebe kipande cha waya na koleo ndogo.

Jumatatu nilimrudishia fundi. Aling'oa msumari, akapiga mwingine mrefu zaidi na kuukunja ncha, akakwaruza sehemu ya kukanyagia kwa msasa hadi ikawa na vinyweleo, akanitoza shilingi 1,000 kwa yote. Rafiki yangu wa yeboyebo alikuwa amesimama pembeni. Aliinua mguu, akaomba apimwe, na alipoulizwa waya au nailoni akanigeukia mimi.