Dalali wa nyumba Tabora aliyetupokea tukitoka Dar: nampa nyota nne

Tumehama Dar jumla. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, alipata ruhusa ya masomo na nafasi ikatoka AMUCTA, kile chuo cha Askofu Mkuu Mihayo kilicho chini ya SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), anachukua elimu maalum, na mi ni fundi cherehani nilikuwa Tabata Segerea, mtoto wetu yuko darasa la pili. Mwanzo tulisema yeye aende mi nibaki, tukapiga hesabu tukaona kulipa kodi sehemu mbili kwa miaka mitatu ni kujimaliza, maana Segerea peke yake chumba, sebule na jiko dogo tulikuwa tunalipa laki mbili na nusu kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi. Nikasema basi twende wote. Hapa naandika kuhusu dalali aliyetutafutia nyumba Tabora, kwasababu madalali wanasemwa vibaya sana na mi mwenyewe nimewasema sana tu, sasa akitokea anayefanya kazi yake vizuri naye asemwe.

Dalali niliyemzoea Dar ni yule anakutumia picha kumi za nyumba nzuri, unatoa elfu ishirini ya kuonyeshwa, unafika unakuta nyumba ya kwenye picha imeshachukuliwa jana, anakupeleka nyingine ambayo choo kiko nje na mnachangia watu nane. Huyu mzee wa Tabora nilimpigia simu toka Dar nikamwambia baba nitumie picha, akanijibu mwanangu mi simu yangu ya vitufe, picha sina, we njoo uone kwa macho yako. Nilikasirika kwakweli, nikaona ntasafiri zaidi ya kilomita mia nane kwenda kuona kitu ambacho wenzao wanatuma kwa sekunde mbili. Ila namba yake nilipewa na mtu ninayemuamini, nikaenda, ilikuwa mwezi wa nane.

Nilipanda treni mpya ya SGR mpaka Dodoma, hapo nikalala kwa ndugu, kesho yake nikachukua basi la kupita Manyoni na Itigi, lami tupu mpaka Tabora. Ukishaiacha Itigi ni msitu tu pande zote mbili, miti na mizinga ya nyuki juu ya miti, unatembea muda mrefu huoni nyumba. Nilifika jioni nimechoka, kesho saa moja na nusu asubuhi mzee huyo kaja na baiskeli, funguo zake kazifunga kwenye kipande cha kanga, na kwapani ana kaunta buku.

Kabla hata hatujaenda popote alikaa akaniuliza maswali. Unapikia nini, mkaa au gesi? Cherehani zako za umeme au za kukanyaga? Mtoto anaanza shule lini? Baba yake atatembea kwa mguu kwenda chuo au ana pikipiki? Una vyombo vingi au ndo unaanza? Anaandika yote kwenye hilo kaunta buku taratibu, alafu akalifunga akasema nyumba nilizokuwa nikuonyeshe zilikuwa tano, sasa zimebaki tatu, twende. Toka nianze kupanga nyumba sijawahi kuulizwa maswali hayo na dalali yeyote.

Ya kwanza ilikuwa Kiloleni, nzuri kwa macho, imepakwa rangi mpya, vigae, mi nilishaipenda pale pale mlangoni. Mzee hakuongea kitu, kachukua funguo moja kubwa akaanza kugonga fremu ya mlango toka chini kwenda juu, ko, ko, ko, alafu katikati sauti ikabadilika ikawa kama unagonga boksi tupu. Akaniambia weka kidole. Nikabonyeza kidole kikazama ndani ya mbao, ndani ni vumbi tu, mchwa wamekula wote wamebakiza rangi ya juu. Akasema mwanangu huku mchwa ni mwenyeji kuliko sisi, ukiweka kabati lako la Dar hapa ukutani miezi mitatu unakuta nguo zimeliwa. Na hii nyumba ndo ingempa yeye hela nyingi kuliko zote tatu kwasababu kodi ilikuwa juu na hela ya dalali ni kodi ya mwezi mmoja!

Ya pili alinionyesha silingi bodi, kuna mduara wa kahawia kama chai imemwagika, akasema hapa mvua zikianza mwezi wa kumi na moja utapanga ndoo. Akaiacha.

Ya tatu, Ipuli, ndo tunakaa. Vyumba viwili, sebule, jiko, choo ndani, ua umezungushiwa ukuta na mwembe mkubwa katikati, laki moja na ishirini, miezi mitatu tu mbele. Alifungua bomba akaweka ndoo ya lita ishirini, akatoa saa yake akahesabu, akaenda kugonga kwa jirani akamuuliza mbele yangu maji yanakatika siku zipi, jirani akasema toka maji ya Ziwa Victoria yafike hali imekuwa afadhali ila kuna siku yanakatika kwahiyo weka simtanki. Akanionyesha Luku, mita yetu peke yetu, akasema fundi cherehani usikubali kabisa kuchangia mita, mtagombana na majirani kila mwisho wa mwezi. Kweli tupu, Segerea tuligombana.

Sasa kitu ambacho naona ndo cha maana kuliko nyumba yenyewe. Tukiwa tumekaa chini ya ule mwembe tunasubiri mwenye nyumba, nikamwambia baba nataka fremu ya biashara karibu na chuo, wanafunzi wengi ntapata kazi. Akakataa. Akasema huu mji ni mji wa shule toka enzi, Mwalimu Nyerere kasoma Tabora Boys akarudi kufundisha hapa hapa, leo una chuo cha ualimu, chuo cha reli, chuo cha nyuki, utumishi wa umma, na hicho cha mume wako, na kila fundi anayekuja anakimbilia getini kwa wanafunzi, alafu vyuo vikifungwa anakaa anaangalia barabara. Wanafunzi wakulishe wakiwepo ila fremu uweke njia ya soko kuu, mama wa sokoni hafungi chuo. Nikamsikiliza. Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa na vitenge vya sikukuu mpaka nalala saa saba usiku, na wanafunzi nawapata pia, hasa kabla hawajaenda mazoezi ya kufundisha, wanakuja kwa makundi kushonesha suruali za vitambaa na sketi ndefu. Mwenzangu mmoja aliyechukua fremu karibu na chuo kipindi cha likizo alikuja kuomba kazi kwangu za kumalizia vifungo. Hapo ndo nilielewa ile hela ya dalali niliyoitoa ilikuwa inalipia nini.

Maana wanaohama waelewe, Tabora rahisi ni kweli lakini na hela inayoingia inapungua. Gauni ninaloshona Dar kwa elfu thelathini na tano hapa mtu anatoa elfu ishirini na bado anaomba umpunguzie. Nauli sina, natembea, nikizidi sana bodaboda elfu moja. Muda wa foleni niliokuwa napoteza Tabata sasa hivi nashona nao gauni zima. Karanga, asali, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), bei yake ukimwambia mtu wa Dar anadhani unamdanganya, na maembe msimu ukifika hununui, unaokota. Samaki wa bahari ndo usahau, utakula migebuka ya Kigoma na sato. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi, na mwezi wa tisa na wa kumi jua linawaka na vumbi lipo, wenye kifua mjiandae.

Mizigo nayo niseme kidogo maana yule mzee alinionya sikusikia. Alisema vyombo vya maana njoo navyo kwenye treni ile ya zamani au tuma kwa basi kidogo kidogo, hayo magari ya kuchangia watu watano usiyaamini. Mi nikachukua Fuso la kuchangia toka Dar, jina silitaji, tulikubaliana laki nne na nusu siku mbili. Ikawa siku sita, simu haipokelewi, na gari lilipofika wakataka elfu themanini nyingine ya kushusha. Friji waliilaza. Meza ya cherehani yangu ya kwanza kabisa, niliyonunua kwa hela ya mchezo wa kina mama, imepasuka katikati. Nililia mbele ya watu. Mzee alikuwepo, kaja na vijana wawili kushusha, hakusema nilikwambia, kaangalia ile meza akasema mbao ya mninga ipo hapa mjini, fundi seremala namjua, na jioni ile ile fundi kaja kuchukua vipimo. Juu ya mninga mpya nashonea mpaka leo.

Sasa mbona sijampa nyota zote tano. Moja ni hilo la picha. Mtu yuko Dar au Arusha hana nauli ya kuja kuangalia alafu arudi, baba anunue simu au kijana wake ampigie picha, anapoteza wateja wa maana. Pili ni mkataba. Yeye anaamini maneno, akasema mwenye nyumba namjua toka tukiwa wadogo, hana shida. Mi nimetoka Dar nimeshafukuzwa nyumba kwa notisi ya wiki mbili, maneno siyataki. Ilibidi niende mwenyewe stationery kuchapisha, tukasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, na mwenye nyumba wala hakukataa, alishangaa tu. Hilo dalali ndo alitakiwa alifanye. Na hapunguzi hela yake hata mia, laki na ishirini ni laki na ishirini, ila ile elfu kumi ya kuonyesha alichukua mara moja tu kwa nyumba zote tatu, na akaniandikia kwenye karatasi kwamba nimelipa.

Kitu kingine, baada ya kulipwa hakupotea. Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku mwezi wa kumi na moja, asubuhi nasikia hodi, ni yeye na baiskeli yake imejaa tope, kaingia na tochi kaangalia silingi bodi chumba hadi chumba, kaona pako sawa, kanywa chai na viazi, kaondoka. Mume wangu akaniuliza unamdai nini huyu mzee, nikamwambia simdai kitu.

Kumpata ni asubuhi, kabla ya saa nne yuko upande wa soko kuu na baiskeli yake, uliza tu mzee wa kaunta buku, wauza vocha wa pale wanamjua. Nendeni mwezi wa saba au wa nane wakati vyuo vikuu vimefungwa, ukisubiri wa kumi wanafunzi wakishaanza kumiminika vyumba vinaisha na bei inapanda, na hata yeye hatakuwa na cha kukuonyesha zaidi ya ile nyumba ya Kiloleni yenye rangi mpya.