Krimu ya 5-FU ya vigamba vya jua: wiki tatu za kutisha, ila kazi inafanya

Mi nina ualbino, nauza mitumba Mlango Mmoja hapa Mwanza, kwa hiyo mimi na jua ni maadui wa siku nyingi. Mwaka jana kikaanza kigamba juu ya mdomo, pale masharubu yanapoanzia, unakibandua leo kesho kimerudi, ukipitisha kidole kinakwaruza kama msasa. Duka la dawa mtaani yule dada kaniangalia sekunde mbili, "kaka hayo malengelenge", kanipa krimu ya aciclovir. Nikapaka mara tano kwa siku mpaka tyubu ikaisha na kigamba kipo tu. Siilaumu krimu, ile ni ya virusi vya malengelenge na mimi virusi sikuwa navyo, nilikuwa na ngozi iliyopigwa jua miaka thelathini na kitu.

Kliniki ya ngozi daktari alipapasa zaidi ya alivyoangalia, paji lote, masikio, mikono. Akasema vigamba hivi vya jua bado si kansa ila vingine vikiachwa vinageuka. Viwili vya mkononi akavichoma palepale kwa naitrojeni ya baridi, vya usoni akaniandikia fluorouracil 5%, ndo hiyo wanaita 5-FU. Hii nayo si ya virusi, ni dawa ya kansa iliyowekwa kwenye krimu, zile seli zinazojigawa ovyo inazikosesha cha kutengenezea DNA zinakufa.

Sasa sikilizeni. Siku nne za kwanza hamna kitu, nikajua nimepigwa tena. Siku ya sita kidogo panawasha, ya kumi paji zima limeiva, na mi nilikuwa nahesabu vigamba vinne, aisee vikaibuka kumi na moja, maana inavichokoa hata vile ambavyo jicho halijaviona. Wiki ya tatu nalala foronya inaganda kwenye sikio asubuhi naibandua kwa maji ya uvuguvugu, mwanangu ananiuliza baba umemwagikiwa uji? Sokoni wateja wanaongea na mimi huku wanaangalia suruali. Nilitaka kuacha, nikampigia nesi akacheka, akaniambia ndo inafanya kazi hiyo, malizia siku zako.

Nikamalizia. Kama wiki tatu baada ya kuacha ngozi ikatulia, paji laini, bado na wekundu kidogo, kile cha juu ya mdomo kimepotea kabisa.

Malalamiko yangu ni bei, si ya kitoto, na nimezunguka famasi tatu ndo nikaipata. Halafu maelezo ya ndani ya boksi ni Kiingereza kitupu wakati hii dawa si ya kuchezea, haigusi macho wala ndani ya mdomo, mjamzito haruhusiwi kabisa, ukimaliza kupaka nawa mikono, na kama mna paka au mbwa nyumbani ficha tyubu, akilamba inaweza kumuua. Na jua usilisogelee, wiki zote zile nilihamia ndani ya kibanda, kofia pana na Kilisun, krimu ya kukinga jua ile ya Moshi, ingawa penye vidonda sikuipaka, ilikuwa inachoma.

Sikio la kushoto kimebaki kimoja kigumu, hakikusikia dawa. Daktari kakata kinyama kapeleka maabara, majibu nafuata Alhamisi.