Ukurasa wa kufuatilia picha za Meteosat: msaada mkubwa, ila asilimia yake inapotosha

Anayetumia hifadhidata ya mionzi ya jua kukadiria uzalishaji wa umeme hupewa safu za namba zilizonyooka, saa baada ya saa, asijue zipi zimetokana na picha halisi na zipi zimejazwa kwa makadirio. Huduma ninayoitathmini hapa, ambayo hupokea picha za Meteosat, yaani setilaiti za hali ya hewa za Ulaya, kila baada ya dakika 15 na kukokotoa mionzi kutokana na mawingu yanayoonekana humo, imewafungulia wateja ukurasa wa kufuatilia upokeaji wa picha hizo. Kwa maoni yangu, ukurasa huo ndio sababu kubwa ya kuilipia.

Kila siku ina visanduku 96, kimoja kwa kila picha: kijani ni picha iliyofika nzima, njano ni iliyofika pungufu, nyekundu ni ambayo haikufika. Njano ndiyo yenye manufaa zaidi. Picha za kizazi cha pili cha Meteosat hutumwa zikiwa zimekatwa, kila chaneli (yaani picha ya aina moja ya mwanga) vipande 8, isipokuwa ile inayoonyesha vitu vidogo hadi kilomita 1, ambayo hukatwa vipande 24. Kipande kimoja kikipotea, ukanda mmoja wa dunia hukosa data ilhali kwingine kote hakuna tatizo. Ukibofya kisanduku cha njano, unaonyeshwa ukanda uliokosekana pamoja na dakika ambayo kila ukanda ulisomwa. Dakika hizo si urembo, kwani setilaiti huisoma dunia kutoka kusini kwenda kaskazini kwa takribani dakika 12, hivyo picha yenye muhuri wa 10:00 huifikia Ulaya ya kaskazini dakika kadhaa baadaye, na anayeilinganisha na kipimo cha piranomita, kifaa cha kupimia mionzi ya jua ardhini, cha saa hiyo hiyo hulinganisha mawingu ya nyakati mbili tofauti.

Kinachoniudhi ni asilimia ya ukamilifu iliyoandikwa juu kwa herufi kubwa. Inahesabu picha zote sawasawa, za mchana na za usiku. Zikikosekana picha 4, siku hupewa asilimia 95.8, iwe ni saa nzima ya usiku wa manane, ambapo hakuna mionzi ya kupima, au ni saa ya jua la utosini, ambapo hasara ni kubwa kuliko yote. Mteja anayetazama namba hiyo peke yake hatapata habari anayoihitaji.

Nyekundu nayo haielezi chanzo. Mvua kubwa juu ya dishi la kupokelea, hitilafu ya setilaiti yenyewe, na zile dakika chache za karibu na Machi na Septemba ambapo jua hupita nyuma ya setilaiti ya matangazo inayozipitisha picha hizo hadi kwenye dishi na kelele zake za redio kuimeza ishara, vyote hupakwa rangi moja. La uzito zaidi ni kwamba picha iliyopotea njiani huweza kuchukuliwa baadaye kutoka kwenye kumbukumbu za EUMETSAT, shirika linaloendesha setilaiti za Meteosat, na hapo nyekundu hugeuka kijani kimyakimya, bila tarehe, kiasi kwamba faili mbili za siku ile ile zilizopakuliwa kwa nyakati tofauti hazilingani na hakuna maandishi ya kueleza sababu.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Tarehe ya kila marekebisho ikianza kuandikwa, nitaongeza ya tano. Kwa sasa ninahifadhi nakala ya ukurasa huo pamoja na kila faili ninayopakua, na ninamshauri kila mteja afanye hivyo.