Kamera ya kiwandani au ya kubandika?

Kwa dereva wa Unguja anayepeleka wageni Nungwi au Paje, kamera ya gari inayorekodi barabara ni shahidi. Vespa ikikatiza ghafla Mwanakwerekwe mkagongana, kila aliyesimama pale ana lake la kusema. Picha haina ndugu wala jirani.

Kamera iliyojengwa ndani ya gari ina raha yake. Haina waya unaoning'inia, si rahisi kuibiwa, na huona pande nyingi: Tesla, kwa mfano, tangu 2019 inaweza kurekodi hata gari likiwa limeegeshwa. Lakini ikiharibika, fundi wa mtaani ataigusa wapi? Tena gari zetu nyingi ni za mtumba kutoka Japani, na ile kamera ya nyuma inayowaka ukitia rivasi mara nyingi haihifadhi chochote. Hili linaniuma, maana watu huligundua siku ya ajali.

Ya kubandika kiooni hula umeme wa tundu la kiberiti na huandika kwenye kadi ya memori. Kadi ikijaa, hufuta video za zamani. Ikihisi kishindo, huifungia video ile isifutwe. Adui wake ni jua letu. Yenye betri ya lithiamu inaweza kuvimba, kwa hiyo tafuta yenye kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme badala ya betri), na kadi iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo.

Kwa gari la biashara mimi nachagua hii, yenye macho mawili, mbele na ndani, na abiria waambiwe kabla ya safari.